Namna ya Kuzitania Yoti za Kifahari Ukiwa na Mashua Ndogo ya Tanga

Mwenye mashua ya tanga ya mita nne au tano hukutana na fahari ya dunia kwa namna ambayo mtu wa nchi kavu haipati. Barabarani, tajiri hupita ndani ya gari lenye vioo vyeusi na kutoweka. Gatini, yeye na mwenye mashua hufunga kamba mahali pamoja, hupandishwa na kushushwa na maji yale yale, na dhoruba ikitangazwa wote wawili hubaki pale pale wakitazama mbingu. Ndiyo maana utani kati ya mashua ndogo na yoti kubwa haukomi. Nimeusikiliza kwa miaka mingi, ninaupenda kwa dhati, na nimeona pia unavyoharibika pale msemaji anapokuwa na kijicho kingi kuliko ujuzi. Maelezo haya ni kwa ajili ya yule anayetaka kuufanya vizuri.

Kusema kwamba yoti ni ghali na kwamba mwenyewe anaringa si utani bado. Ni malalamiko, na malalamiko hayamchekeshi mtu yeyote isipokuwa yule ambaye tayari amekasirika. Utani huanza pale mwenye mashua anapoonyesha kwamba anajua jambo la hakika kuhusu maji, upepo, chombo au sheria, kisha anaiacha fahari ijipime yenyewe kwa jambo hilo. Kwa hiyo maandalizi ya mtani wa gatini ni kukijua chombo chake, na pia kukijua cha mwenzake.

Ijue asili ya neno lenyewe

Neno yoti limetokana na Kiholanzi, *jacht*, ambalo asili yake ni kuwinda. Liliitwa hivyo kwa sababu vilikuwa vyombo vyepesi na vya kasi, vilivyofaa kufukuzia vyombo vingine. Mwaka 1660, Charles wa Pili aliporejea kutawala Uingereza, mji wa Amsterdam ulimzawadia yoti iliyoitwa Mary. Mwaka uliofuata alishindana na nduguye James katika mto Thames, kutoka Greenwich hadi Gravesend na kurudi, kwa dau la pauni 100. Mfalme alishindwa wakati wa kwenda, upepo ukiwa wa mbele, na akashinda wakati wa kurudi. Fahari, basi, ilikuwamo ndani ya neno tangu siku za mwanzo, wala hatuwezi kuwalaumu matajiri wa leo kwa kuizua.

Hata hivyo neno hilo halikubaki mali ya wafalme. Katika Michezo ya Olimpiki, mashindano yote ya matanga yaliitwa mashindano ya yoti hadi mwaka 1996, na jina likabadilishwa kuanzia michezo ya mwaka 2000. Mwaka huo wa 1996 ndio ambao mashua ya Laser, chombo cha mtu mmoja chenye urefu wa mita 4.23, iliingia Olimpiki kwa mara ya kwanza, na aliyeshindana nayo alihesabiwa kuwa mwanayoti sawasawa na mwingine yeyote. Ukiyajua hayo, unaweza kuiita mashua yako yoti kwa sauti ya utulivu, bila kukonyeza jicho, na mtu akikushangaa ukamweleza kwa adabu umelipata wapi neno hilo. Utulivu ni sharti. Ukicheka wewe mwanzo, umemwambia msikilizaji kwamba huna haki ya neno hilo, nawe unayo.

Lugha yetu imetupa zawadi nyingine ambayo sioni watu wakiitumia vya kutosha: dau ni chombo, na dau ni fedha anazoziweka mtu kwenye shindano. Rafiki yangu mmoja, alipoulizwa na mwenye yoti ameweka dau kiasi gani katika chombo kile, alijibu kwamba ameweka dau zima, na limo humo humo ndani. Aliyeuliza alikaa kimya kidogo, kisha akacheka hadi akashika kamba ya gati. Jibu lilikuwa la kweli kwa maana zote mbili, na hilo ndilo lililolipa nguvu.

Tumia lugha ya kifahari, lakini usiseme uongo hata kidogo

Hapa ndipo penye utajiri wa utani huu wote. Njia yake ni kuchukua maneno ambayo watu hutumia kuelezea yoti kubwa na kuyavika mashua ndogo, kwa sharti moja: kila sentensi iwe kweli tupu. Mwenye mashua isiyo na chumba anaweza kusema kwamba chombo chake kina uwazi wa kupitisha hewa katika eneo lote, na kwamba kutoka mahali popote pa kukaa abiria huiona bahari kwa nyuzi 360. Anaweza kusema kwamba bwawa la kuogelea liko ndani ya chombo, kwamba hujaa lenyewe bila pampu, na kwamba kina chake huongezeka kadiri safari inavyoendelea. Anaweza kutaja kwamba meza ya chakula na kiti cha nahodha vimeunganishwa kwa ustadi, maana yake ni kwamba sahani huwekwa mapajani.

Sharti la ukweli lina sababu. Mtu akidanganya kwamba ana ukumbi wa muziki ndani ya mashua ya mita nne, msikilizaji hutambua mara moja kuwa ni porojo na akili yake haina kazi ya kufanya. Lakini akiambiwa jambo la kweli kwa maneno ya kifahari, hana budi kuyafumbua maneno yale hadi aikute ngama, yaani sakafu ya ndani ya mashua, iliyojaa maji, na kicheko hutoka pale anapoikuta. Zaidi ya hayo, ukweli humlinda msemaji. Hakuna awezaye kumwambia kwamba anajisingizia makuu.

Mfano bora nilioushuhudia ulihusu upo, yaani kifaa cha kuchotea na kumwaga maji yaliyoingia ndani ya mashua. Mzee mmoja alikuwa na dumu la plastiki la lita tano alilolikata mshazari, akaliacha shikio lake, akausugua ukingo kwa msasa ili usikwangue rangi, kisha akalifunga kwa uzi mnene kwenye benchi la katikati ili lisielee likapotea siku chombo kitakapopinduka. Kijana kutoka kwenye yoti ya jirani alikuwa anamweleza kuhusu pampu zao: ziko ngapi, zinajiwasha vipi, na zinapeleka taarifa wapi zinapopata hitilafu. Mzee alimsikiliza hadi mwisho, akalinyanyua lile dumu kwa shikio na kusema kwamba mfumo wake wa kutoa maji hautumii umeme, huongeza kasi wenyewe kadiri mtumiaji anavyozidi kuogopa, na fundi wake husafiri nao kila siku. Kila neno lilikuwa sahihi. Mabaharia wana msemo wa zamani kwamba hakuna pampu inayomshinda mtu mwenye ndoo na hofu. Mzee aliuvika msemo huo nguo mpya, na kijana aliomba kulishika lile dumu ili aone lilivyokatwa.

Mzee huyohuyo, alipoulizwa siku nyingine ana wahudumu wangapi, alisema anao wawili: mkono wa kulia hushika kana, yaani mpini wa usukani, mkono wa kushoto hushika demani, yaani kamba ya tanga, na akitaka kujikuna lazima mmoja wao aombe ruhusa. Yeyote aliyewahi kuendesha mashua peke yake katika upepo wa nguvu anajua kwamba huo si mzaha bali ni taarifa kamili ya hali ya chombo.

Weka hesabu mfukoni

Kwa yoti ya matanga, kuna hesabu moja ambayo kila mtani anapaswa kuijua. Chombo kizito kinachopasua maji, yaani kisichonyanyuka na kuteleza juu yake, hufikia ukomo wa mwendo unaotegemea urefu wake pale maji yanapokishika: chukua kipeuo cha pili cha urefu huo kwa mita, zidisha kwa 2.43, na utapata takriban maili za baharini kwa saa. Sababu ni mawimbi ambayo chombo chenyewe huyatengeneza; kikifika mwendo huo, wimbi la omo, yaani la mbele, na wimbi la tezi, yaani la nyuma, hukibana katikati, na kuendelea kuongeza mwendo ni sawa na kupanda mlima wa maji kilioujenga chenyewe. Mashua yenye mita 4 majini hufikia takriban maili 4.9 kwa saa. Yoti yenye mita 16 hufikia takriban 9.7. Urefu mara nne, mwendo mara mbili.

Uzito nao hufuata njia nyingine. Ukikikuza chombo mara mbili kwa urefu, upana na kina, ujazo wake huwa mara nane, na pamoja nao hukua nanga, kamba, milingoti, rangi na kazi. Kutokana na hesabu hizo mbili hupatikana sentensi ninayoiona kuwa bora kuliko zote za aina hii, ambayo mwenye mashua anaweza kuisema kwa upole kabisa: mwenzangu ana urefu mara mbili, uzito mara nane, na bado hajafikisha mara moja na nusu ya mwendo wangu. Usiitumie kwa yoti ya injini zenye nguvu nyingi, kwa sababu hiyo huuvuka ukomo huo kwa kuchoma mafuta. Wala usiitumie ikiwa mashua yako ni nyepesi ya aina inayoteleza juu ya maji, maana hapo wewe ndiye unayeivunja kanuni.

Vipimo vya urefu pekee pia vina utamu wake. Katika biashara ya vyombo vya anasa, mita 24 ndizo hutajwa mara nyingi kuwa mpaka wa kuingia katika daraja la yoti kuu, na yoti iitwayo Azzam, iliyozinduliwa mwaka 2013, ina takriban mita 180. Optimist, mashua ya watoto iliyobuniwa na Clark Mills huko Florida mwaka 1947, ina takriban mita 2.3. Zaidi ya Optimist 75 zinaweza kupangwa omo kwa tezi ubavuni mwa Azzam. Aliyenionyesha hesabu hiyo aliongeza kwamba zikipangwa hivyo, upande mmoja utakuwa na mwenye chombo mmoja ambaye hayupo, na upande wa pili utakuwa na manahodha 75 wanaobishana nani alitangulia.

Kitanie cheo, usimtanie mtu

Cheo cha baharini hakina kilele, na mtani mwenye huruma analikumbuka hilo. Wenye vyombo wana ugonjwa wanaouita wa futi mbili: kila mmoja huamini kwamba mashua iliyozidi ya kwake kwa futi mbili ndiyo itakayomtosheleza, na akiipata, huamini vivyo hivyo tena. Mwenye mita 5 anaumwa ugonjwa huo, na mwenye mita 50 anaumwa. Sir Thomas Lipton, mfanyabiashara wa chai aliyezaliwa Glasgow katika familia ya kawaida, aliwania Kombe la Amerika, shindano mashuhuri la yoti, mara tano kati ya 1899 na 1930 kwa yoti zilizoitwa Shamrock, kila moja ikiwa kubwa kuliko ndoto ya mtu wa kawaida. Royal Yacht Squadron, klabu ya yoti ya mabwana wakubwa wa Uingereza, haikumpokea uanachama hadi mwaka 1931, mwaka aliofariki. Tajiri unayemwona kileleni gatini kwako huenda mahali pengine anasimamishwa mlangoni. Ukimtania kama mgonjwa mwenzako wa futi mbili, atakuelewa upesi kuliko ukimtania kama adui.

Upo pia upande wetu ambao hatuusemi vya kutosha. Sisi wenye vyombo vidogo tuna ngazi yetu ya cheo, ila imegeuzwa kichwa chini: kadiri chombo kinavyokuwa kidogo na safari inavyokuwa ndefu, ndivyo heshima inavyopanda. Serge Testa wa Australia aliizunguka dunia kati ya mwaka 1984 na 1987 katika chombo alichokijenga mwenyewe, chenye urefu wa futi 11 na inchi 10. Hugo Vihlen, Mmarekani, aliivuka Atlantiki mwaka 1993 katika chombo cha futi 5 na inchi 4, yaani kifupi kuliko watu wengi wazima. Hao ndio wafalme wetu, na ninawaheshimu sana. Lakini mtu anayetumia majina yao kumdharau mwenye yoti anafanya ringo lile lile analolikemea. Kiburi cha udogo ni kiburi, na msikilizaji hukinusa haraka.

Mipaka mingine nitaieleza kwa ufupi kwa sababu iko wazi kwa mwenye utu. Usimtanie mtu aliyekwama kwenye fungu la mchanga hadi chombo chake kielee tena. Usitanie kwenye chaneli ya 16 ya redio, ambayo ni ya dharura na ya kuitana. Mawimbi ya yoti iliyopita kwa kasi yakiijaza maji mashua yako, usilifanye jambo hilo kuwa mzaha. Mweleze nahodha wake waziwazi, kwa sababu hapo kuna hatari na kosa.

Mpaka mmoja ninaukumbuka kwa uchungu. Asubuhi moja nilimkuta mtu akisugua vyuma vya yoti hadi vinang'aa, nikamwambia kwamba mwenye chombo kinachong'aa namna hiyo lazima awe anaogopa kujiona usoni. Aliendelea kusugua. Baadaye nilikuja kujua kwamba yeye alikuwa mwajiriwa, kwamba alikuwa kazini tangu kabla ya jua kuchomoza, na kwamba tajiri niliyedhani namtania hakuwapo hata kidogo. Maneno yangu yalimwangukia mtu ambaye hakuwa na fahari yoyote ya kupunguziwa. Tangu siku ile huuliza kwanza ninazungumza na nani, kisha hutania.

Sheria ya baharini kama mzaha, na tahadhari yake

Wenye mashua ndogo hupenda sana kukumbushana kwamba, kwa mujibu wa Kanuni za Kimataifa za Kuzuia Migongano Baharini za mwaka 1972, chombo kinachoendeshwa kwa injini hutakiwa kukipisha chombo cha tanga. Kanuni ya 18 haiulizi chombo cha injini kina vyumba vingapi. Baina ya vyombo viwili vya tanga, kila kimoja kikiwa kimepata upepo kutoka upande tofauti, kile kinachopata upepo kutoka kushoto hukipisha kile kinachopata kutoka kulia, kiwe cha tajiri au cha fukara. Ni furaha ya kweli kuona chombo cha mamilioni kikigeuza omo kwa ajili ya tanga lenye kiraka, na sioni aibu kukiri kwamba mara ya kwanza iliponitokea nilisimama na kumwinulia nahodha wake kofia.

Lakini anayelitumia jambo hili katika utani alijue lote. Ukiwasha injini yako ndogo, hata matanga yakiwa juu, wewe ni chombo cha injini. Ukimpita mwenzako ukitokea nyuma, wewe ndiye mwenye wajibu wa kujiepusha naye, hata ukiwa kwa tanga. Katika mlango mwembamba wa bahari, chombo cha tanga na chombo chochote kisichofika mita 20 hakipaswi kuzuia njia ya chombo ambacho kinaweza kupita salama humo tu. Na chombo kirefu huchukua nafasi kubwa kusimama, nahodha wake akiwa juu sana kiasi cha kutokuona kilicho chini ya omo. Mzaha wa Kanuni ya 18 usemwe gatini, kamba zikiwa zimefungwa. Anayeujaribu majini ili apate hadithi ya kusimulia ameacha kuwa mtani.

Kupokea utani unaorudi

Utani ni wa pande mbili, na mwenye yoti ana haki ya kujibu. Akikuuliza kama chombo chako ni kile kihori, yaani kimashua cha kubebwa, kilichopotea kutoka kwenye yoti yake, usinune. Jibu kwamba ndicho, kilichoka kubebwa. Yoti nyingi kubwa hubeba mashua ndogo ya tanga kwa ajili ya starehe, na ukimuuliza mwenyewe kwa udadisi wa kweli ni lini mara ya mwisho aliiteremsha majini, mara nyingi uso wake hubadilika na mazungumzo yakawa ya upepo badala ya fedha. Wengi wao walianza na chombo kama chako. Waulize kiliitwaje.

Ukifika hapo, mkaribishe chomboni. Juu ya yoti za kifahari mgeni huombwa avue viatu ili asikwaruze mbao za staha, na mwenye yoti amezoea kuwaambia wengine hivyo. Mpe mkono ashuke taratibu, mwonyeshe pa kukanyaga katikati ili mashua isilale upande mmoja, kisha mwombe, kwa heshima zote, avue viatu vyake, kwa kuwa maji yaliyomo yanafika kwenye kifundo cha mguu.